Jinsi ya kupima mwani wa ziwa na kujua mvua na joto vinaufanyia nini

Watu wa Nakuru, flamingo wakipungua kila mtu anasema ni joto tu. Joto lipo kweli, lakini jibu liko kwa maji, kwa ule mwani mdogo usiouona kwa macho, yaani fitoplanktoni. Mimi hupima maji, na hivi ndivyo nafanya.

Hatua ya 1: vifaa
Kata duara la sm 20 kutoka mfuniko wa ndoo, ligawe mara nne, paka nyeusi na nyeupe kwa zamu, toboa katikati upitishe kamba yenye alama kila sm 10, chini funga nati nzito lisielee. Ongeza themomita, mita ya chumvi na pH (kipimo cha asidi au alkali ya maji), glavu, chupa, na iodini ya Lugol, dawa ya kuhifadhi mwani usioze. Kibali pia, ziwa liko ndani ya mbuga.

Hatua ya 2: uangavu
Pima sehemu ile ile, karibu saa sita mchana, upande wa boti wenye kivuli. Shusha duara polepole mpaka lipotee, soma kamba, pandisha mpaka lionekane tena, soma, wastani ndio kipimo chako. Mwani ukijaa linapotea mapema, lakini baada ya mvua kubwa tope la Mto Njoro pia linalificha, so angalia rangi: kijani au kahawia?

Hatua ya 3: joto
Pima juu na chini. Maji ya moto ni mepesi, yanakaa juu, na usiku usipopoa vizuri hayachanganyiki na ya chini, virutubisho vinabaki huko, halafu mwani wa kijanibluu unaoweza kuelea wenyewe unapata nafasi. 

Hatua ya 4: chumvi
Hii usiiruke hata kama umechoka. Tangu karibu 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda, hapa Nakuru maji yakameza hadi geti kuu la zamani. Maji ya mvua yanazimua magadi, na spirulina, aina ya mwani ambayo ndio chakula cha flamingo mdogo, inapenda magadi makali, pH karibu 10. Magadi yakizimuka inapungua, mwani mwingine unaingia, flamingo wanaenda Ziwa Bogoria ama kwingine kutafuta chakula.

Hatua ya 5: sampuli
Jaza chupa, tia iodini matone machache machache mpaka maji yawe na rangi ya chai nyepesi, weka gizani siku nzima mwani utulie chini, kisha nyonya maji ya juu kwa mrija bila kuutikisa. Tone la chini ndilo linaenda kwa hadubini. Spirulina utaitambua haraka, ni uzi uliojisokota. Hesabu kila aina kivyake.

Hatua ya 6: kusoma
Andika yote kwa eksel pamoja na mvua ya mwezi huo, na usiamue kitu kwa mwezi mmoja. Chumvi na spirulina zikishuka pamoja, shuku mvua kwanza. Chumvi ikikaa pale pale, maji ya juu yakizidi kupata joto kuliko ya chini na aina za mwani zikibadilika, hapo sasa anza kushuku joto.