Gesi joto kwa watoto wa Gredi ya 5: somo la uwanjani

Walimu wenzangu hapa Nakuru wameniuliza mara nyingi mno jinsi ya kuwaeleza watoto namna gesi joto, yaani gesi za hewani zinazonasa joto, zinavyoipasha dunia, nami nimeliandika jibu ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Hatua ya 1. Saa saba mchana, watoto waguse jiwe lililopigwa na jua.

Hatua ya 2. Jua likishatua, kila mmoja akiwa kwao asogeze kiganja karibu na ukuta bila kuugusa, ahisi joto linavyoutoka.

Hatua ya 3. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilifunika kipimajoto kwa chupa ya kioo, nikasema kwamba gesi hufanya kazi kama vivungulio vya maua vya Naivasha, zile nyumba za plastiki za kukuzia mimea. Kesho yake mtoto akaniuliza ni nani atakayeipasua plastiki iliyo angani. Kivungulio huhifadhi joto hasa kwa sababu hewa moto iliyomo haiwezi kupaa ikatoka, ilhali mvuke wa maji, kaboni dioksidi na methani hazizuii hewa, bali hunasa joto linalotoka ardhini na kulitawanya pande zote, na sehemu yake hurudi chini. Chupa iacheni kabisa.

Hatua ya 4. Watoto wachache wawe ardhi na warushe mipira, ambayo ndiyo joto. Wengi wawe naitrojeni na oksijeni, waiache ipite. Watatu wawe kaboni dioksidi: adakaye afumbe macho, azunguke, arushe popote. Hesabuni inayorudi, kisha wadakaji wawe sita, mhesabu tena.

Mzazi: Yaani tundu la ozoni ndilo linaloingiza joto?

Jibu: Sikuandika hivyo. Ozoni huzuia mionzi ya urujuanimno. Hilo ni somo jingine.

Mwalimu, Ahero: Mwalimu, mwanafunzi wangu anashangaa gesi kidogo hivyo inawezaje kuipasha dunia nzima joto.

Jibu: Mpongeze kwa niaba yangu. Naitrojeni na oksijeni ni takriban asilimia 99 ya hewa kavu, lakini joto hilo huzipita, kwa hiyo kazi huwaangukia wadakaji wachache. Bila wao, wastani wa joto duniani ungekuwa karibu nyuzi 18 chini ya sufuri badala ya 15 juu yake. Taabu ni kwamba kaboni dioksidi, iliyokuwa sehemu 280 hivi katika milioni kabla ya enzi ya viwanda, sasa imepita 420. Kwa kuwa mna mpunga, mwache akoroge tope la shamba kwa kijiti: mapovu yatakayoibuka yana methani.

Mzazi: Na ng'ombe je?

Jibu: Methani yake hutoka zaidi mdomoni, anapocheua.

Mwalimu, Ahero: Mipira mnaitoa wapi?

Jibu: Tunafunga matambara kwa kamba ya katani, kwani mifuko ya plastiki tuliyoizoea ilipigwa marufuku 2017.