Kupanda bustani kwenye mchanga wa Kigamboni

Nyumba ikishapakwa rangi ndipo fundi bustani huitwa, na mara nyingi nakuta miche imeshashushwa getini. Naomba isogezwe kivulini, kisha nashika sururu.

Hapa Kigamboni ardhi ni mchanga, na juu yake mafundi ujenzi huacha kifusi: vipande vya tofali, misumari, na pale walipokorogea zege hubaki gamba gumu. Gamba hilo ling'oe lote, likatupwe nje ya kiwanja. Usilifukie. Saruji ina chokaa, na chokaa huufanya mmea ushindwe kufyonza madini ya chuma hata kama yamo ardhini. Iksora, kichaka cha maua kinachopandwa sana kwenye uzio, ikipandwa penye mabaki hayo, majani machanga hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Watu huimwagia mbolea ya kukuzia, na njano inabaki palepale.

Pakishakuwa safi, lima kina cha futi moja. Tandaza samadi ya ng'ombe iliyoiva, madebe mawili kwa kila mita ya mraba, uichanganye na mchanga mpaka rangi ibadilike. Iliyoiva haina harufu kali, wala haina joto ukiingiza mkono. Ya kuku ikiwa mbichi huunguza mizizi. Irundike miezi miwili au mitatu, ukiigeuza na kuinyunyizia maji. Bajeti ikibana, nakusihi upunguze miche, usipunguze samadi. Mchanga mtupu haushiki maji wala chakula, na mche utakaoongeza hapo utakuja kuung'oa.

Shimo liwe pana mara mbili ya kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliooteshewa mche, lakini kina kilingane na udongo uliomo kiribani. Shimo likizidi kina, udongo hushuka ukishaloa, shingo ya mche inazama, shina linaoza. Mwagilia kiriba kwanza, kichane kwa wembe, shika bonge la udongo kwa mikono miwili. Usiuvute mche kwa shina. Mizizi ikiwa imejizungusha, ikate pande tatu. Rudishia udongo, shindilia kwa viganja, mwaga maji polepole.

Iksora za uzio ziachane nusu mita. Mwarobaini upande mita sita au zaidi kutoka ukutani, na mbali kabisa na shimo la maji taka.

Juu tandika makumbi ya nazi au nyasi kavu, vidole vinne kwenda juu, ila acha shubiri moja kuzunguka shina ili mchwa wasipate njia.

Mwezi wa tatu, masika yanapoanza, ndio wakati ninaoupenda kupanda. Ukipanda kiangazi, mwagilia kila jioni wiki mbili za mwanzo, halafu siku moja ndiyo, moja hapana. Kabla ya kufungua mpira, ingiza kidole chini ya makumbi. Ukikuta unyevu, acha hadi kesho.