Kwenye arena, hesabu medali ya mpinzani

Wengi wanaocheza arena (mapambano ya timu kwa timu) ya World of Warcraft, mchezo wa kompyuta, wanahangaikia kasi ya vidole na silaha za mhusika wao. Sawa, ila ukipanda ngazi kila mtu anavyo hivyo. Walio juu kabisa wanajua mpinzani amebakiwa na nini.

Anza na kitu kimoja tu: Gladiator's Medallion, ile medali inayomtoa mtu kwenye kifungo, yaani uchawi au pigo linalomzuia kufanya chochote. Akishaitumia, hairudi kwa muda mrefu. Mwambie mwenzako papo hapo, "mponyaji hana medali," lakini msikurupuke. Subirini Polymorph inayofuata (uchawi unaomgeuza mtu kuwa mnyama asiweze kupigana) imnase huyo mponyaji, ndipo mmwage mapigo yenu makubwa kwa mwenzake. Msimfunge kwa aina ileile mfululizo. Ukirudia haraka, muda wa kifungo unapungua hadi hakishiki kabisa.

Na yako? Usiitumie kwa hasira ya kufungwa (hili ndilo gumu, kusema kweli). Kama uhai wa timu bado mwingi, vumilia. Mwenzako akiwahi nyuma ya nguzo, mfano zile nne za uwanja wa Nagrand Arena, mchawi aliye upande wa pili hawezi kumlenga wakati wewe unasubiri kufunguka.