Betri ya taa isiguswe na simu: kuwasha kituo cha mbio za usiku

Mwezi wa sita huku kwetu Mbeya jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na halichomozi mpaka inakaribia saa moja. Mbio za usiku ni giza la saa 12. Ninaanzia hapo kila ninapoombwa kufunga taa kwenye kituo cha wakimbiaji.

Mimi ni fundi umeme wa Uyole. Mara yangu ya kwanza, juu ya Isyonje kwenye barabara ya Kikondo, nilipanda na betri moja ya sola ya AH 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba) na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nikaamini inatosha. Saa tisa usiku taa zikazima. Wakimbiaji wanne walikuwa bado njiani, ukungu umeshuka, tukabaki tunapunga tochi za simu kwenye kona. Binti mmoja aliuliza gizani, "Kituo kiko wapi?" na sauti ile ninayo mpaka leo.

Nilikosea hesabu. Betri ya volti 12, AH 100, ina wati-saa (wati mara saa) 1,200 kwa maandishi. Kama ni ya asidi, tumia nusu tu, yaani 600, maana kuikausha kila mara kunaiua. Baridi ya kule, usiku ambao nyasi zinaamka na sakitu (umande ulioganda), inapunguza tena kama sehemu ya tano: zinabaki 480. Sasa taa nne za LED za wati 10 kwa saa 12 zinakula 480. Betri imeisha hapo, kabla hujamsaidia mtu yeyote.

Halafu watu wanakuja. "Fundi, niwekee asilimia kumi tu." Simu ya 5,000 mAh inabeba wati-saa 19 hivi, lakini ikipitia inveta na chaja inavuta kama 25. Simu kumi ni 250. Inveta nayo inajilia kama wati 10 muda wote, hata isipochaji kitu.

Kwa hiyo tenga. Betri ya taa ni ya taa. Nunua taa za DC, yaani za umeme wa betri, za volti 12 (soko la Mwanjelwa zipo) uzifunge moja kwa moja, bila inveta. Simu zipewe powabenki. Ya 20,000 mAh ina wati-saa 74. Watu wanagawa kwa 5,000 wanapata simu nne, lakini kuna upotevu, tegemea tatu. Anza na simu ya mtu wa huduma ya kwanza na ya mratibu. Wengine wajazwe nusu nusu, na uwaambie mapema, jioni, kabla hawajachoka.

Waya usiupuuze. Ukipeleka wati 40 mita 30 kwa waya wa milimita za mraba 1.5, zaidi ya volti mbili zinapotelea njiani na taa inafifia. Tumia wa 2.5, au weka betri katikati ya taa. Fyuzi ya ampea 10 ikae kwenye waya chanya, shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Waya ukikanyagwa na kugusana bila fyuzi, unawaka moto. Betri iinue juu ya ubao, ifunike umande lakini ipumue, na iwe mbali na jiko la mama wa chai, kwa sababu betri ya asidi inatoa gesi inayoshika moto.

Betri ya lithiamu ni nyepesi na inakupa zaidi ya asilimia 80 ya ilichobeba. Ila usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Asubuhi yenye sakitu, iache ipate joto kwanza ndipo uunge paneli. Jenereta mimi sibebi, kelele zake zinaziba sauti ya anayeita msaada. Ukibeba, isikae kamwe ndani ya hema wala mlangoni pake: moshi wake unaua watu wakiwa usingizini.

Saa sita usiku zima taa zote kwa dakika chache, kama barabara ni tupu, upime volti za betri kwa mita. Betri ya asidi iliyojaa inasoma 12.7, nusu ni kama 12.2. Ukikuta imefika nusu mapema hivyo, punguza. Zima ya mezani, kisha ya hema. Ya kwenye kona ielekezwe chini, isimpige mkimbiaji machoni, na ibaki inawaka mpaka wa mwisho apite.