Namna ya kukagua makanisa ya Taüll: kipi ni cha mwaka 1123, kipi kimeletwa baadaye

Kijiji cha Taüll kiko kwenye milima ya Pirenei, Katalunya, kaskazini-mashariki mwa Hispania, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Makanisa yake mawili yalitabarukiwa siku mbili mfululizo: Sant Climent tarehe 10 Desemba 1123, Santa Maria kesho yake. Tarehe ya Sant Climent inajulikana kwa sababu iliandikwa kwa rangi, kwa Kilatini, juu ya nguzo ya ndani, na anatajwa askofu Ramon aliyelitabaruku.

Beba dira, tochi na darubini ndogo. Usiingie kwanza. Zunguka nje mpaka upande wa mashariki, zilipo apsidi tatu, yaani vile vyumba vya nusu duara vinavyobeba altare. Dira ithibitishe. Ukifika asubuhi utaona mwanga ukipenya kwenye vidirisha vyake vyembamba.

Hapo sogea karibu na ukuta. Mawe ni madogo, yamechongwa kwa nyundo tu, yamepangwa kwa safu na kushikwa na chokaa. Chini ya paa kuna mfululizo wa vitao vidogo vinavyoegemea michirizi ya mawe iliyotokeza kidogo. Ndiyo alama ya mafundi wa mtindo wa Lombardia, kaskazini mwa Italia. Mnara wa kengele wa Sant Climent, wenye ghorofa sita juu ya kitako chake, unarudia pambo hilohilo ghorofa baada ya ghorofa.

Ndani, inua macho. Nguzo za mviringo zinagawa ukumbi sehemu tatu, na juu yake ni kenchi za mbao, si kuba la mawe. Kuba hulemea kuta na kuzisukuma nje, hivyo hudai kuta nene. Kenchi hukaa tu juu yake. Mbao zenyewe usizihesabu kuwa za 1123, kwani mbao za paa huoza na kubadilishwa.

Wageni wengi hukosea kwenye michoro. Picha kamili unayoiona ndani ya apsidi ya Santa Maria ni nakala. Ya Sant Climent huonyeshwa kwa mwanga wa projekta juu ya ukuta wenye mabaki machache ya asili. Michoro yenyewe ilihamishiwa Barcelona kati ya 1919 na 1923, baada ya michoro ya kanisa jingine la Katalunya, Santa Maria de Mur, kuuzwa; hatimaye iliishia Boston, Marekani.

Mafundi wa Kiitalia waliing'oa hivi: walipaka gundi ya wanyama juu ya mchoro, wakabandika kitambaa, wakaacha kikauke. Gundi ikikauka hujikunja na kuvuta rangi, kisha kitambaa huvutwa polepole, nacho huondoka na ngozi nyembamba ya rangi. Nyuma hubandikwa kitambaa kipya, na gundi ya mbele huyeyushwa kwa maji ya moto. Gundi isipokauka sawasawa, rangi hukatika vipande. Rangi iliyopakwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka haishiki vizuri, ndiyo maana mistari ya mwisho ya sura na nguo hupotea kwanza. Na kiasi fulani hubaki ukutani, ndipo yalipotoka yale mabaki ya Sant Climent.

Kwa hiyo ziara haijakamilika bila jumba la makumbusho la MNAC (Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Katalunya), Barcelona. Mtazame Kristo wa Sant Climent, kitabu mkononi kikiwa na maneno EGO SUM LUX MUNDI, kisha shusha macho hadi kwa Maria aliyeshika bakuli linalotoa miali myekundu. Buluu ile ni aerinaiti, madini ya Pirenei penyewe. Halafu zunguka nyuma: utaona mifupa ya mbao iliyoundwa kufuata umbo la apsidi, na hapo ndipo utaelewa mchoro huu umesimamishwa juu ya nini.