Somo: Mgeni unaishi Mtwara, laini sajili kwa kidole chako mwenyewe

Wadau, huku kwetu tuna mashemeji na wafanyakazi wengi kutoka Msumbiji na nawaona wengi wanatumia laini zilizosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine, hilo linaniuma sana maana kwenye laini hiyo hiyo ndo wameweka hela zao zote.

Kwanza pasipoti. Kama ulivukia Kilambo hakikisha uhamiaji wamekugongea muhuri, wanaovuka Ruvuma kimyakimya na mtumbwi hapa ndo wanapokwama. Mgeni wa matembezi anasajili kwa pasipoti, ila ukiwa mkazi mwenye kibali fuatilia kitambulisho cha NIDA cha mgeni mkazi usajilie hicho.

Pili nenda duka lenyewe la kampuni, iwe Voda, Airtel, Halotel, TTCL au Yas (ndo ile Tigo ya zamani), usiishie kwa vijana wa mwamvuli pale stendi. Sio kwamba ni wabaya, ila wengi wamezoea namba ya NIDA tu, akiona pasipoti na hataki kukosa mteja anakwambia ngoja nikuwekee ya kwangu. Kataa.

Tatu kidole, na hapa wabangua korosho nisikilizeni. Yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi mpaka ncha za vidole zinakuwa laini hazina mistari, mashine inagoma kila ukiweka. Nawa kwa sabuni, kausha vizuri, jaribu kidole kingine hata cha mkono usioutumia sana, ikigoma kabisa pumzika kubangua siku kadhaa ngozi irudi ndo uende tena. Usikubali mtu aweke chake eti kukusaidia.

Ukishamaliza fungua akaunti ya pesa, namba ya siri weka mwenyewe, halafu mwambie ndugu aanze kama anakutumia buku. Kabla hajathibitisha jina linatokea kwenye simu yake, likiwa sio lako rudi dukani saa hiyo hiyo.

MASWALI

Swali, Mikindani: Shemeji yangu ana M-Pesa ya Msumbiji, si ataitumia tu huku?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Jina moja ila akaunti mbili, ile ni ya meticali kwenye namba ya +258, ya kwetu ni shilingi kwenye +255. Asajili ya huku, ile ya kwao asiitupe, aiweke tundu la pili kama simu inabeba laini mbili.

Swali, Newala: Mimi nilishasajiliwa kwa jina la jirani na sasa kahamia Dar. Nifanyeje?
Jibu: Dada, toa hela yote leo. Yeye akienda dukani na kidole chake akasema laini imepotea anapewa nyingine yenye namba ile ile, na salio linaenda nayo, na wewe kuidai itakuwa ngumu maana kwenye mfumo mwenye laini ni yeye. Sajili mpya kwa jina lako, wape watu namba, hata kama ile ya zamani umeizoea.

Swali, Lindi mjini: Simu niliyoinunua kwetu itakubali laini ya hapa?
Jibu: Bonyeza *#06#, zile tarakimu 15 zitume kwa meseji kwenda 15090. Wakikujibu jina la simu tofauti na uliyoshika mkononi basi ni feki, usipoteze hela kuinunulia laini.