Kufufua kundi la WhatsApp lililolala
Ukitaka kufufua kundi la watazama ndege lililonyamaza, usianze na "jamani mko wapi?" Mtafute admini pembeni, msalimie vizuri, umwombe akupe uadmini kabla hajabadilisha namba. Bila hiyo huwezi kuwatoa wanaomwaga matangazo ya mikopo, na hao ndio waliowafukuza wenzetu.

Kisha nenda Msitu wa Rau, hapa hapa Moshi, asubuhi na mapema. Rudi na picha moja tu, hata ya hondohondo aliyefichwa nusu na majani, uulize: dume au jike? Kwetu, watu waliokaa kimya miezi walianza kubishana ukubwa wa pembe ya juu ya mdomo kabla chai haijapoa. Jumamosi iliyofuata tulikuwa sita msituni.